Dawa Mapema, Lakini Si Kila Siku

Hotuba ya mfamasia kwa walimu wa kata, Siku ya Mwalimu Duniani, 5 Oktoba

Mheshimiwa Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, na ninyi walimu mliojibanza huko nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Nimeambiwa baada yangu kuna chakula, na harufu ya pilau nimeshaisikia, kwa hiyo sitajaribu kushindana nayo.

Mimi ni mfamasia. Ninakula kwa kuuza dawa, na leo nimekuja kuwaomba baadhi yenu mpunguze kununua. Mwenye duka akinisikia tutaongea mimi na yeye. Nilipoulizwa nizungumzie ugonjwa gani, sikuwaza sukari wala presha, maana hayo mmeshahubiriwa mpaka mnaweza kuhubiri wenyewe. Niliwaza kichwa. Walimu ni wateja wangu wakubwa wa kichwa.

Mwalimu anaingia dukani mchana, mkono wa shati bado una vumbi la chaki. Hataji jina la dawa. Anasema, "Nipe za kichwa." Ninachukua karatasi ya vidonge, ninakata vinne kwa mkasi, anameza viwili palepale, viwili anatia mfukoni. Keshokutwa yuko mlangoni tena. Nikimuuliza, "Mwalimu, hiki kichwa kimeanza lini?" anacheka: "Hiki? Hiki mbona nimezaliwa nacho!" Wateja wa namna hiyo, nikipata nafasi ya kukaa nao na kuwauliza vizuri, wengi wanaishia kunieleza kitu kilekile kwa maneno tofauti, na kitu hicho ni kipandauso.

Kuumwa kichwa kuna aina nyingi, na si kila kichwa ni kipandauso. Kuna kichwa cha uchovu, kinachobana pande zote mbili, unakuwa nacho lakini unafundisha, unasimamia usafi, unarudi nyumbani unapika. Kipandauso hakikuachii hiyo nafasi. Kwa kawaida kinashika upande mmoja, ingawa kinaweza kuhama au kushika kote. Kinadunda. Ukipanda ngazi au ukiinama kuokota chaki, kinazidi. Tumbo linachafuka, wengine wanatapika. Mwanga unaumiza, kelele inaumiza, na mwenye nacho anatafuta chumba chenye giza alale. Kisipotibiwa kinakaa kuanzia saa 4 hadi saa 72. Yaani siku tatu. Kisha kinaondoka, mtu anakuwa mzima kabisa, mpaka kirudi tena. Huko kurudi ndiko kunakokitambulisha: madaktari hutaka iwe imetokea angalau mara 5 ndipo waseme kwa uhakika kwamba hiki ni kipandauso.

Wachache kati ya wagonjwa, pengine robo yao au zaidi kidogo, hupata dalili za kutangulia ambazo zinatisha sana kwa asiyezijua. Mwalimu mmoja alinisimulia. Anaandika ubaoni, akirudi nyuma kusoma alichoandika anakuta katikati ya neno pametoboka. Herufi za mwanzo anaziona, za mwisho anaziona, za kati hazipo. Anafikicha macho, wapi. Baada ya muda kidogo pale palipotoboka panaota mstari wa mwanga uliopindapinda kama meno ya msumeno, unametameta, unapanuka polepole kuelekea pembeni. Kama dakika 20 hivi, umekwisha. Halafu kichwa kinaanza. Yeye kwa miaka aliamini anapofuka. Wengine badala ya mwanga wanapata ganzi inayoanzia vidoleni, inapanda mkononi, inafika mdomoni.

Mwanga huo una historia inayonifurahisha, nivumilieni kidogo. Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, aliyekuwa akiuona yeye mwenyewe, alichapisha michoro ya jinsi ulivyokuwa ukipanuka machoni pake. Akapiga hesabu, akasema kinachousababisha kinatembea juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1944, Mbrazili mmoja, Aristides Leão, akichunguza ubongo wa sungura kwa shughuli nyingine kabisa, akakuta wimbi ambalo likipita linazima kazi ya umeme ya ubongo kwa muda, na mwendo wake ni uleule. Ilichukua miaka mingi kabla watu hawajaunganisha hizo habari mbili. Walimu wa hesabu, mnaona faida ya kupima na kuandika.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba shida yote ni mishipa ya damu kutanuka. Sasa inajulikana kuwa kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na neva. Neva kubwa inayohudumia uso na ngozi laini zinazofunika ubongo inaamka, inamwaga kemikali, na kemikali hizo zinaleta uvimbe na maumivu. Anayezaliwa na ubongo wa namna hii mara nyingi ukiuliza utakuta mama, shangazi au babu naye alikuwa "mtu wa kichwa". Kwa hiyo mwenzako akiomba ruhusa ofisini kwa sababu ya kichwa, tafadhali msimwambie anadeka. Duniani wapo zaidi ya watu bilioni 1 wenye ugonjwa huu, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Wala si ugonjwa wa watu wa mjini na kompyuta zao. Watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyozunguka hospitali ya Haydom, kule Manyara, na wagonjwa wa kipandauso wakawakuta huko huko, kwa wakulima na wafugaji.

Sasa tuje kwenye majina tunayokibandika. La kwanza ni malaria. Mtu ana kichwa, ametapika, mwili hauna nguvu. Jirani ameshampa jibu kabla hajafika zahanati. Malaria huja na homa. Kipandauso kwa kawaida hakina homa. Pima. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi, na kikisema hakuna malaria, basi usimeze dawa ya mseto "kwa usalama". Nina wateja wanaoamini wana malaria sugu na taifodi sugu, kila mwezi wanatibiwa zote mbili, na kila mwezi baada ya siku mbili wanapona. Wangepona hata wangemeza maji, maana kipandauso kilikuwa kimemaliza siku zake.

La pili ni presha, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu kosa hili linaua. Presha ya kawaida ya kupanda haiumi kichwa. Inaweza kuuma ikipanda kupita kiasi, tuseme 180 kwa 120 na kuendelea, lakini presha inayoharibu figo na kuleta kiharusi mara nyingi inakaa kimya miaka kadhaa. Tukishaamini kwamba kichwa ndiyo presha, tunakosea mara mbili. Mwenye kipandauso anajitangaza ana presha bila kupimwa. Na mwenye presha ya kweli anaacha dawa zake kwa sababu "siku hizi kichwa hakiniumi". Huyu wa pili ndiye ninayemwogopea. Kichwa hakipimi presha, mashine ndiyo inayopima.

Kuhusu macho: kapimwe, kwa mwalimu ni jambo jema, lakini miwani haitaondoa kipandauso. Kuhusu jini na husuda sina ubishi na mtu. Anayeomba na aombe, anayesomewa asomewe. Sala haijawahi kugombana na kidonge. Kujifunga leso kichwani ikakaza hakuna ubaya, wengi wanapata nafuu kidogo. Ninachokataa ni kuchanjwa chale kwenye paji la uso kwa wembe uliokwisha kutumika kwa mwingine. Hilo mlikatae hata likiletwa na bibi yako mzaa mama.

Nije kwenye dawa, ambako ndiko kwenye duka langu.

Kosa la kwanza ni kuchelewa. Walimu mna ujasiri usio na faida. Kichwa kimeanza saa tatu asubuhi, mwalimu anasema ngoja nimalize kipindi, ngoja mapumziko, ngoja wanafunzi waondoke. Saa nane anakuja dukani amekunja uso, hawezi kutazama mlango kwa mwanga wa jua. Wakati huo kidonge kimeshapoteza nusu ya nguvu zake kabla hakijamezwa. Sababu ni hii: kipandauso kinapopamba moto, tumbo nalo linazubaa. Halisukumi chakula, na dawa inabaki imelala humo humo bila kufika utumbo unaoinyonya. Ndiyo maana mtu anameza, anasubiri, haoni kitu, anameza tena. Ukijua kwamba hiki ni kile chenyewe, meza mapema, maumivu yakiwa bado madogo.

Na umeze kipimo cha kutosha. Kidonge kimoja cha panadoli, yaani parasetamoli, kwa mtu mzima mwenye kipandauso ni kujifariji. Mtu mzima asiye na tatizo la ini anameza vidonge viwili vya miligramu 500, na asizidishe gramu 4 kwa siku nzima, yaani vidonge vinane. Ibuprofeni ni miligramu 400 kwa mara moja, baada ya kula kitu. Hii kwa wengi inashinda panadoli, ila haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mjamzito. Aspirini ya kiwango kikubwa, miligramu 900, nayo inafanya kazi vizuri kwa watu wazima, lakini watoto walio chini ya miaka 16 wasipewe. Kama unatapika, mwambie tabibu akuandikie dawa ya kuzuia kichefuchefu. Metoklopramaidi, kwa mfano, inatuliza tumbo na papo hapo inalisukuma lifanye kazi, kidonge cha maumivu kikapata njia.

Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe. Sumatriptani ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwangu mimi huwa ninaiagiza mtu akija na cheti. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye presha isiyodhibitiwa, kwa hiyo asikwambie mtu uazime kidonge cha mwenzako. Tangu mwaka 2018 zimetoka pia sindano mpya zinazozuia mojawapo ya zile kemikali nilizosema neva inazimwaga. Ni nzuri, lakini bei yake na mshahara tunaoujua havijafahamiana.

Kosa la pili ndilo lililonileta hapa.

Dawa za maumivu zikimezwa mara nyingi mno zinaanza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Nimesikia mnaguna. Narudia: dawa ya kichwa, ikizidi siku, inaleta kichwa. Mipaka inajulikana. Panadoli, ibuprofeni au aspirini ikimezwa yenyewe, hatari ni kuanzia siku 15 kwa mwezi, miezi mitatu na zaidi. Vile vidonge vya mchanganyiko, ambavyo ndani ya kimoja mmetiwa parasetamoli, aspirini na kafeini, pamoja na dawa kali za maumivu zenye kodeini au tramadoli, na hata sumatriptani, hatari inaanza mapema zaidi, siku 10 kwa mwezi. Siku 10 kwa mwezi ni siku mbili na kidogo kwa wiki. Fikirini wangapi humu ndani mnaifikisha bila kujua, maana vile vidonge vya mchanganyiko ndivyo vinavyouzwa mpaka kwenye genge la nyanya.

Dalili zake ni hizi. Zamani kichwa kilikuja mara moja kwa mwezi, sasa hivi kipo karibu kila siku. Unaamka nacho. Unameza, kinapungua, dawa ikiisha mwilini kinarudi, unameza tena. Pochi haitoki nyumbani bila vidonge. Mama mmoja muuza vitumbua aliniambia, "Mwanangu, nikikosa zile dawa asubuhi siwezi hata kuwasha jiko." Alidhani ugonjwa umekua. Kilichokua ni idadi ya vidonge.

Kuacha kunawezekana, na wengi wanaoacha wanarudi kwenye kichwa cha mara mojamoja. Ila siku za mwanzo ni ngumu, kwa wengi siku mbili hadi kumi kichwa kinakasirika kuliko kawaida, na hapo ndipo mtu anakata tamaa akidhani nimemdanganya. Msiache wakati wa mitihani ya darasa la saba. Chagueni likizo, mwambieni tabibu ili awape kitu cha kuwavusha, na waambieni watu wa nyumbani. Anayemeza dawa zenye kodeini au tramadoli asiache kwa ghafla peke yake. Huyo aende hospitali.

Sasa utajuaje umefika siku ngapi? Kichwani hatujui. Kila ninayemuuliza anameza kwa wiki mara ngapi ananijibu "si sana". Chukua daftari la kurasa arobaini, lile la wanafunzi. Ukurasa mmoja, mwezi mmoja. Piga mistari, andika tarehe 1 mpaka 31 zikishuka chini. Siku kichwa kikiuma weka herufi K. Siku ukimeza dawa ya maumivu, hata kama ni ya mgongo, weka D na jina la dawa. Mwanamke aweke na H siku za hedhi. Basi. Usiandike insha. Mwisho wa mwezi unahesabu D. Zikizidi nane, anza kujiuliza. Zikifika kumi, njoo tuongee, na uje na daftari.

Daftari hilo litakuonyesha pia mambo usiyoyatarajia. Kuna mwalimu aliyegundua kwamba K zake karibu zote zinaangukia Jumamosi. Akashangaa: siku ya kupumzika ndiyo siku ya kuumwa? Ndiyo, inatokea. Wiki nzima ameamka saa kumi na moja alfajiri, amekunywa chai saa moja, amekimbizana na vipindi. Jumamosi amelala mpaka saa nne, chai imechelewa, na ule mvutano wa wiki umeachia kwa mara moja. Ubongo wa kipandauso haupendi mabadiliko, hata yale mazuri. Wanawake wataona K zimekusanyika kuanzia siku mbili kabla ya hedhi hadi siku ya tatu yake, kwa sababu homoni ya estrojeni inashuka wakati huo. Na wote mtaona siku mlizoruka chakula.

Mwalimu anayeingia darasani na chai ya rangi tupu, akala saa tisa, anakiita kichwa kwa jina. Kula kitu kabla ya kazi, hata kiporo. Maji yawepo mezani. Chai na kahawa kunywa kwa kiwango kilekile kila siku, kidogo, usikate ghafla wala usizidishe, kwa sababu kafeini ikikatika nayo inaleta kichwa. Hapo ndugu zangu Waislamu mnajua ninachosema: siku mbili tatu za kwanza za Ramadhani vichwa vinapasuka, na wengi wanalaumu njaa peke yake. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama anza kupunguza kahawa kidogokidogo. Daku lile kwa kuchelewa, lisirukwe, na maji yanywewe usiku. Mwenye kipandauso kikali amwone daktari wake kabla, si katikati ya mwezi akiwa amelala sakafuni.

Tahadhari moja kuhusu vyakula. Watu wananiambia, "Mimi nikila embe tu," au "nikila kitu kitamu tu." Huenda ni kweli kwa baadhi. Lakini kipandauso kinaanza ndani ya ubongo saa nyingi kabla ya maumivu, hata siku nzima, na katika saa hizo mtu anapiga miayo bila usingizi, shingo inakaza, ana hasira zisizo na mwenyewe, na anatamani vitu vitamu. Kwa hiyo pengine hukuumwa kwa sababu ulikula kitamu. Ulitamani kitamu kwa sababu kichwa kilishaanza safari. Kabla hujaachana na embe maisha yako yote, angalia daftari miezi mitatu.

Ikiwa K ni nne au zaidi kila mwezi na zinakuvurugia kazi, uliza dawa za kuzuia. Hizi unameza kila siku, uumwe usiumwe, na si dawa za maumivu. Propranololi ni mojawapo, haina bei kubwa, ila mwenye pumu asiiguse. Nyingine ni amitriptilini, kwa kiwango kidogo, usiku. Mtu anapewa hiyo, akifika nyumbani anasoma karatasi iliyomo kwenye boksi, anakuta imeandikwa ni dawa ya sonona, anaitupa chooni, anasema daktari kamwona chizi. Si hivyo. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili. Vilevile haifanyi kazi kwa wiki moja. Ipe wiki sita hadi nane ndipo uhukumu. Valproeti, dawa ya kifafa ambayo nayo huzuia kipandauso, mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe kwa ajili ya kichwa, inaharibu mtoto tumboni.

Kuna vichwa ambavyo hamtakiwi kuja kwangu kabisa, nendeni hospitali moja kwa moja. Kichwa kilichopiga ghafla, ndani ya dakika moja kikafika kileleni, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuona. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa, maana hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kichwa kilichokuja na mkono au mguu kulegea, mdomo kupinda, maneno kupotea, degedege au kuchanganyikiwa. Kichwa baada ya kuanguka na bodaboda, hata kama ulijiona mzima jana. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50 ambaye hakuwahi kuwa mtu wa kichwa, au kwa mwenye virusi vya UKIMWI, au mwenye saratani. Na kichwa cha siku zote kilichobadilika tabia. Nje ya hayo, mwenye kipandauso cha miaka mingi kisichobadilika kwa kawaida hahitaji CT scan, na hela hiyo anaweza kuifanyia kitu kingine.

Niwaombee na watoto. Kipandauso kinawapata wanafunzi wenu pia, wavulana kwa wasichana, na wasichana wanazidi baada ya kuvunja ungo. Kwa mtoto hakifanani sana na cha mtu mzima: kinaweza kuwa kifupi, saa mbili tatu, kinashika paji lote, na wakati mwingine tumbo ndilo linalouma zaidi. Mtoto alikuwa anacheza mapumziko, kipindi cha tano kalaza kichwa kwenye dawati, kapauka, anatapika dirishani, akilala saa moja anaamka anaomba chakula. Mkimwona hivyo mara ya tatu, msimwite mvivu wala msimfuate na fimbo. Mpelekeni apimwe malaria kwanza, na kama hana, mwambieni mzazi neno kipandauso ili akalitaje kwa tabibu. Kona ya ofisi yenye pazia na mkeka inatosha kuwa huduma ya kwanza.

Nilitaka kuishia hapo, lakini naona mikono. Haya, mwalimu pale.

Ameuliza kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango. Swali zuri sana, na bahati mbaya haliulizwi dirishani kwangu. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vina estrojeni. Mwanamke mwenye kipandauso chenye zile dalili za kutangulia, ule mwanga au ganzi, asivitumie kabisa, maana hatari ya kiharusi inapanda. Zaidi kama anavuta sigara. Zipo njia nyingine zisizo na estrojeni: kitanzi, kijiti, sindano, vidonge vya homoni moja. Ukienda kliniki, usisubiri waulize. Waambie wewe kwamba kabla ya kichwa huwa unaona mwanga.

Mwalimu wa kiume hapa mbele anauliza kama kahawa yenye limau ni dawa. Kafeini inasaidia kidogo, ndiyo maana imo kwenye vile vidonge vya mchanganyiko. Limau limo kwa ladha. Ukinywa kikombe siku ya kichwa sina neno. Ukifanya ndiyo dawa yako ya kila asubuhi, tutarudi kwenye hesabu ya siku.

La mwisho, dada mwenye kilemba cha kijani: ana mimba ya miezi saba, kichwa kilikuwa kimemwacha tangu mwezi wa nne, wiki hii kimerudi, ameze nini? Dada, hongera kwanza. Ni kweli, kwa wengi kipandauso hupungua mimba ikikua. Parasetamoli ndiyo ya kwanza kwa mjamzito. Ibuprofeni na aspirini ya maumivu weka mbali. Lakini leo usianze na kidonge. Kichwa kinachokuja au kurudi baada ya wiki ya 20 ya mimba kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, hasa kama macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, au unasikia maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, na wakati mwingine kinakuja bila hayo yote. Hakiwezi kutofautishwa kwa kuangaliana usoni hapa ukumbini. Kinatofautishwa kwa kupima presha na mkojo. Kadi yako ya kliniki unayo kwenye mkoba? Vizuri. Usingoje tarehe iliyoandikwa humo. Mwalimu mkuu atakuruhusu, chakula tutakuwekea, na muuguzi wa zamu hapo zahanati atakupima vyote viwili sasa hivi.